Je, Mgeni Ahesabiwe Katika Kugawa Viti?

Kila baada ya miaka kumi Serikali ya Marekani huhesabu watu wote wakaao katika nchi ile, kisha viti 435 vya Baraza la Wawakilishi hugawanywa kati ya majimbo 50 kwa kufuata hesabu hiyo. Mwaka 2020 jimbo la New York lilipoteza kiti kimoja. Lau lingalihesabiwa watu 89 zaidi, na majimbo mengine kubaki vile vile, kiti hicho kisingalipotea. Watu 89 waweza kusafiri kwa mabasi mawili tu!

Basi si ajabu kuwa kuna mashindano makali juu ya nani ahesabiwe. Wengine hudhani ya kuwa mgeni akihesabiwa amepewa kura. Sivyo. Mgeni huhesabiwa tu, kama vile mtoto mchanga anavyohesabiwa, naye hapigi kura. Nyongeza ya 14 ya Katiba yao, ya mwaka 1868, yaagiza kuhesabu jumla ya watu katika kila jimbo, haikusema raia. Kabla ya hapo watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu, na kwa njia hiyo mabwana zao walijipatia viti kwa ajili ya watu wale wale waliowanyima haki.

Wapinzani wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Ikiwa sehemu mbili zina watu sawasawa, lakini katika moja nusu ya watu wazima ni wageni, kura ya raia wa huko yapata uzito karibu mara mbili ya kura ya mwenzake. Mwezi wa Julai 2020 Rais Trump aliagiza wakaao nchini bila ruhusa ya sheria waondolewe katika hesabu ya kugawa viti. Mwezi wa Desemba Mahakama Kuu ilisema shauri hilo lilikuwa halijafikia wakati wa kukatwa, na tarehe 20 Januari 2021 Rais Biden aliifuta amri hiyo.

Jambo hili si geni kwetu. Kifungu cha 89 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chasema kipimo cha majimbo ya uchaguzi kipatikane kwa kugawanya idadi ya wakaaji wa Kenya kwa idadi ya majimbo hayo, nayo ni 290. Kwa hesabu ya mwaka 2019, iliyopata watu 47,564,296, kila jimbo lapata watu 164,000 hivi. Imeandikwa wakaaji, wala si raia. Lakini je, mkimbizi aliyezaliwa Dadaab au Kakuma, na kukulia huko, si mkaaji? Kwa maoni yetu ni mkaaji. Mbunge wa Garissa au Turkana hukabili upungufu wa maji na wa kuni unaotokana na watu wote waliopo, wenye kitambulisho na wasio nacho.