Ndege wa Bahari wa Fungu Kizimkazi: Namna ya Kuwatazama na Kuwapiga Picha Bila Kuwadhuru

Kiasi cha kilomita 70 mashariki ya Dar es Salaam, mbali na upeo wa macho wa mtu aliyesimama pwani, kuna kisiwa kidogo cha matumbawe kiitwacho Fungu Kizimkazi. Katika ramani nyingi huandikwa Latham. Urefu wake ni kama mita 300 tu, nacho kimeinuka kiasi cha mita 3 juu ya usawa wa bahari. Hakina miti, hakina maji ya kunywa, wala hakina wakazi. Hata hivyo, ndege wa bahari kwa maelfu hukusanyika hapo ili kutaga na kulea makinda yao, na kisiwa hicho kimeorodheshwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege duniani.

Makala haya yanaeleza kwa nini ndege hukichagua kisiwa kikavu namna hiyo, na kwa nini mtu anayetaka kuwatazama au kuwapiga picha aweza, pasipo kukusudia, kuangamiza mayai na makinda kwa muda mfupi sana.

Kwa nini kisiwa kikavu?

Ndege wa bahari hupata chakula chake chote majini, lakini yai haliwezi kuatamiwa juu ya mawimbi. Kwa hiyo anahitaji nchi kavu iliyo karibu na samaki na isiyo na paka, panya wala nyoka. Ukosefu wa maji baridi si kikwazo kwake. Juu ya macho yake zimo tezi zinazochuja chumvi kutoka katika damu na kuitoa kwa njia ya pua ikiwa majimaji mazito yenye chumvi nyingi. Kwa njia hiyo ndege huweza kunywa maji ya bahari bila kudhurika.

Ndege mkubwa zaidi kisiwani ni sula (Sula dactylatra). Ni mweupe, mwenye ncha nyeusi za mabawa na ngozi nyeusi usoni. Huwinda kwa kujitupa majini kama mkuki kutoka juu. Kwa kawaida jike hutaga mayai mawili kwa kupishana siku kadhaa. Kinda wa kwanza humsukuma mdogo wake nje ya kiota, na hivyo hukua mmoja tu. Yai la pili ni akiba iwapo la kwanza litaharibika.

Pamoja naye wamo ndege wa jamii ya buabua. Buabua mwenye mgongo mweusi (Onychoprion fuscatus) hutaga yai moja tu juu ya ardhi tupu. Manyoya yake huloa upesi, kwa hiyo hakai juu ya maji muda mrefu. Huruka usiku na mchana, akidaka samaki wadogo wanaofukuzwa na jodari hadi juu ya maji. Ndiyo maana mvuvi aonapo kundi la ndege likizunguka mahali pamoja hugeuza chombo chake kuelekea huko. Ndege huyu hupitisha miaka kadhaa baharini kabla ya kurejea kutaga kwa mara ya kwanza. Msiba ukilipata kundi lake msimu mmoja, pengo hilo halizibiki haraka.

Mzazi ni kivuli

Wengi wetu hudhani kwamba ndege huatamia ili kulipasha yai joto. Katika kisiwa kisicho na mti, saa za mchana jambo huwa kinyume chake. Kiinitete hukua vizuri katika joto la nyuzi 36 hadi 38 za Selsiasi, lakini mchanga uliopigwa na jua la adhuhuri huweza kupita nyuzi 50. Mzazi husimama juu ya yai ili alifunike na jua. Akiondoka, yai huanza kupata joto linaloweza kuua kiinitete, na kinda mchanga asiye na manyoya hufa upesi zaidi.

Sasa tumfikirie mpiga picha anayeingia katikati ya kundi saa sita mchana. Ndege wote walio karibu naye huruka. Yeye hufurahi kupata picha ya mabawa yaliyojaa angani, kumbe chini ya miguu yake mayai yanaungua. Makinda wanaokimbia kwa hofu huingia katika maeneo ya majirani, ambako hudonolewa vibaya.

Kanuni za mtazamaji

Ndege haruki ghafla. Hutoa onyo kwanza. Huinua shingo, kisha husimama, halafu husogea na kulia. Dalili ya kwanza ikionekana, mtazamaji asimame. Ya pili ikifuata, arudi nyuma. Afadhali atumie darubini au lenzi ndefu ya milimita 400 hivi, akae pembeni, na afanye kazi asubuhi mapema au jioni. Saa hizo jua halichomi, na mwanga wa ubavuni huonyesha vizuri umbo la ndege.

Kamera nayo ina hila yake. Kipima mwanga hukichukulia kila kitu kuwa na wangavu wa wastani. Mbele ya mchanga mweupe hupunguza mwanga kupita kiasi, na buabua mweusi hutokea kama kivuli kisicho na alama. Hapo yapasa kuongeza mwanga kidogo. Kwa ndege arukaye, muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde hutosha kumsimamisha.

Usiku taa zizimwe, kwani kasa wanaopanda ufukweni kutaga huogopa mwanga, na watoto wao huupotea mwelekeo wa bahari. Chombo nacho kikaguliwe kabla ya safari: panya mmoja mwenye mimba akishuka kisiwani aweza kuleta maangamizi kuliko wapiga picha wote.

Picha kama kipimo

Picha nzuri si pambo tu. Tuseme picha zimepigwa kutoka juu, na eneo la viota lina meta za mraba 2,000. Tukiligawa katika miraba ya mita 5 kwa 5 tutapata miraba 80. Tukihesabu viota katika miraba 20 iliyochaguliwa kwa kura na kupata wastani wa viota 12, makisio yetu yatakuwa 12 × 80, yaani viota 960, na hakuna yai lililokanyagwa.

Shule za pwani zinaweza kujizoeza kwa ndege wa mafungu ya mchanga na mabwawa ya chumvi. Mwanafunzi aandike tarehe, saa, hali ya maji kujaa au kupwa, idadi ya ndege, na umbali ambao ndege alianza kuinua shingo. Kipimo hicho cha mwisho chahitaji macho na subira tu, nacho humfunza mtazamaji mahali pa kusimama.