Jiwe Ulilolipindua Lirudishe

Mtoto atumwaye Marikiti, hapa Mombasa, hufunzwa adabu mapema. Akilishika embe mezani pa mchuuzi, akalipindua na kulinusa, kisha lisimpendeze, hulirudisha lilipokuwa. Adabu hiyo nimeiona ikisahaulika mwendo mfupi tu kutoka sokoni humo, kwenye miamba iliyo chini ya Ngome ya Yesu.

Maji yalikuwa yamekupwa, nami nimeandamana na wanafunzi wangu wa bayolojia. Waliinua mawe, wakastaajabia kaa, kauri na viti vya pweza, wakaandika daftarini. Tulipogeuka kwenda zetu nikaona mawe yote yamelala chali. Kosa lilikuwa langu. Niliwafunza kutazama, sikuwafunza kurudisha.

Viumbe wakaao chini ya jiwe huishi kwa kivuli na unyevu. Wakiachwa juani hukauka kabla ya maji kujaa. Nao mwani ulioota juu ya jiwe, ukilaliwa na jiwe lilo hilo, hufa kwa kukosa mwanga.

Huenda msomaji akasema kwamba mawe ni mawe tu. La, hasha! Kisiwa hiki kimesimama juu ya mwamba wa matumbawe yaliyokuwa hai takriban miaka 125,000 iliyopita; ukiukaribia ukingo wake utaziona sura zao. Ngome yenyewe, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2011, ni ya mawe hayo hayo. Mwani huweza kuota tena, bali kisukuku kilichobanduliwa hakioti. Ndiyo maana sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 hairuhusu watu kujichimbia visukuku wapendavyo.

Walimu wenzangu, somo la nje lisiishie kwenye kengele. Tuwaagize wanafunzi walirudishe kila jiwe polepole kama walivyolikuta, wafukie kila shimo, na wachore kombe badala ya kulitia mfukoni, kwani hata kombe tupu huwa nyumba ya kaa.

Siku ile tulirudi tukayageuza mawe, moja baada ya jingine, maji yakitupanda miguuni. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mwambani, wageni ni sisi.