Mvua Haina Mkataba



Mwezi wa Machi unapofika, mkulima wa Akheri au Nkoaranga huamka alfajiri akautazama mlima Meru. Anaangalia mawingu yamekaa wapi. Shamba limekwisha kulimwa. Mbegu imo ndani ya debe. Limebaki swali moja tu: nipande leo, au ningoje?

Swali hili si dogo. Akipanda leo na mvua ikakatika baada ya siku tano, mahindi yataota kisha yatakauka. Mbegu itakuwa imepotea, na pesa ya kununulia nyingine pengine haipo. Akingoja mpaka mvua ikolee, huenda masika yakaisha na mahindi hayajabeba. Kupanda kuna hatari, na kungoja kuna hatari. Wengi wetu hudhani kwamba mtu asiyefanya lolote yuko salama. Sivyo. Naye amechagua, ila hajui kwamba amechagua.

Mlima mmoja, mvua mbalimbali

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566 hivi kutoka usawa wa bahari. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi. Ukifika mlimani hulazimika kupanda juu, na huko juu hupoa. Hewa ikipoa haiwezi kubeba unyevu wake wote, basi mvua hunyesha. Ndiyo sababu upande wa kusini na mashariki una migomba na mikahawa, lakini ukizunguka nyuma ya mlima hadi Oldonyo Sambu unakuta vumbi na miiba. Mlima ni ule ule mmoja.

Wazee wa Kimeru na Kiarusha waliijua tofauti hii bila kupima kwa chombo chochote. Aliyeweza alikuwa na shamba la nyumbani juu, lenye migomba, kahawa na maharage, na shamba jingine chini tambarare la mahindi. Ng'ombe nao hawakukaa wote mahali pamoja. Mmoja alipewa ndugu wa mbali amtunzie, naye ndugu akapata maziwa. Tambarare ikikauka, mgomba wa juu bado unatoa ndizi. Ugonjwa ukiingia zizi moja, zizi la ndugu limebaki.

Angalia vizuri siri ya jambo hili. Siri si kuwa na vitu vingi. Siri ni kuwa na vitu visivyoanguka siku moja. Mtu anaweza kulima nyanya, kabichi na vitunguu akasema, "Mimi nina mazao matatu." Lakini yote matatu yananyweshwa na mfereji mmoja, na yote yanauzwa soko la Kilombero mjini Arusha. Mfereji ukikauka, au bei ikianguka sokoni, matatu yake ni kama moja.

Lazima tuseme ukweli pia. Siku hizi ardhi ya mlimani ni haba. Baba aligawia wanawe, nao wakagawia wana wao, na wengi hawana tena shamba la chini. Kwa mtu huyo desturi ya wazee haiwezekani kama ilivyokuwa. Itambidi atafute kitu kingine kisichotegemea mvua ile ile: ng'ombe wa maziwa wa ndani, kuku, ufundi, au akiba katika kikundi.

Habari ya kahawa

Mvua siyo peke yake isiyo na mkataba. Mwezi wa Julai mwaka 1975 jalidi, yaani umande ulioganda kuwa barafu, iliua mikahawa mingi sana katika jimbo la Paraná nchini Brazili. Brazili ndiyo inayolima kahawa nyingi kuliko nchi zote, basi bei ya kahawa duniani ikapanda sana mwaka 1976 na 1977. Mkulima wa Meru alifaidi baridi ya nchi ambayo hajaiona kamwe.

Kisha ikaja zamu nyingine. Nchi zinazouza kahawa na nchi zinazonunua zilikuwa na mapatano ya kugawana kiasi cha kuuza, ili bei isishuke mno. Mwezi wa Julai mwaka 1989 mgawo huo ulivunjika. Kila nchi ikauza ilivyotaka, na bei ikaporomoka. Mkulima wa Poli au Akheri hakufanya kosa lolote. Alipalilia, alipogoa matawi, alipiga dawa ya chulebuni, na bado pesa haikutosha kulipia dawa yenyewe.

Wengi waliiacha mikahawa au waliing'oa. Siwezi kuwalaumu, maana watoto hawali kahawa. Lakini mwaka 1994 jalidi ilipiga tena Brazili, bei ikapanda, na aliyekuwa ameng'oa yote hakuwa na cha kuuza. Mkahawa mpya huchukua miaka mitatu hivi kuzaa. Aliyeng'oa nusu akapanda migomba na majani ya ng'ombe alipata kidogo wakati wa bei mbaya, na alipata kidogo wakati wa bei nzuri. Huyo hakuwa tajiri, lakini hakuuza shamba.

Redio inaposema "huenda"

Kila kabla ya masika, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza utabiri. Utasikia maneno "wastani", "juu ya wastani" na "chini ya wastani". Wastani ni mvua ya kawaida ya mahali fulani. Hupatikana kwa kujumlisha mvua ya miaka mingi, kwa kawaida miaka 30, kisha kugawanya kwa idadi ya miaka hiyo.

Utabiri si ahadi. Ili kuuelewa, fanyeni jaribio hili darasani. Wekeni punje 10 za maharage ndani ya kibuyu: nyekundu 5, nyeupe 3 na nyeusi 2. Nyekundu ni mvua chache, nyeupe ni mvua ya wastani, nyeusi ni mvua nyingi. Mmoja atie mkono bila kutazama atoe punje moja. Iandikeni ubaoni, mwirudishe, mtikise, mtoe tena. Fanyeni hivyo mara 20.

Mtaona kwamba nyekundu inatoka mara nyingi zaidi, lakini nyeusi nayo hutoka. Je, ikitoka nyeusi, aliyesema "huenda mvua zikawa chache" amedanganya? Hapana. Alisema kweli kuhusu kibuyu. Hakusema ni punje gani itakayotoka leo.

Sasa rudi kwenye debe la mbegu. Tuseme una kilo 10. Utabiri ukisema huenda mvua zikawa chache, unaweza kupanda kilo 5 za mbegu ya muda mfupi mvua ya kwanza inapolowesha udongo vizuri, na kilo 5 zilizobaki baadaye mvua ikisimama. Hutavuna kama mtu aliyebahatisha yote akapata. Lakini pia hutakaa kama yule aliyebahatisha yote akakosa, anayekwenda kuomba debe la mahindi kwa jirani.

Jiulize tena: nikikosea, nitapoteza nini? Jambo hili ni kubwa kuliko hesabu ya punje. Korongo lenye maji ya mvua unaweza kulivuka salama mara tisa. Ukiwahi kufaulu mara tisa unaliona jepesi. Tarehe 12 Aprili 2024, jijini Arusha, mafuriko yalisomba gari lililobeba wanafunzi, na watoto walikufa. Mbegu ikipotea mtu huazima. Korongoni hakuna kuazima. Hata kama nafasi ya kusombwa ni punje moja katika mia, ngoja maji yapungue.

Wengine huuliza: na mlima wenyewe je? Ni kweli, Meru ni mlima wa moto, na mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Lakini kuna hatari nyingine ya mlima huo huo iliyo karibu zaidi, nayo imo ndani ya mtungi. Chemchemi nyingi za kuzunguka Meru zina floraidi nyingi iliyotoka katika mawe ya volkano. Huwatia watoto meno ya kahawia, na ikizidi sana hupinda mifupa. Kuchemsha maji hakuiondoi. Uliza idara ya maji ni chanzo gani kina floraidi kidogo, na maji hayo uwape watoto kwanza. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri huwa na floraidi kidogo sana.

Daftari la mvua

Wazee hukumbuka njaa ya mwaka 1974, ukame wa 1984, mvua kubwa za 1997 hadi 1998, na mwaka 2009 ng'ombe walipokufa kwa wingi Longido na Monduli. Miaka ya katikati imesahauliwa. Wewe unajua kusoma na kuandika, basi usiiache miaka yako ipotee hivyo.

Tafuta kopo lenye ubavu ulionyooka, mdomo na kitako vikiwa sawa kwa upana. Lisimamishe mahali pa wazi, mbali na mti na paa, na ulizungushie mawe lisianguke. Kila asubuhi saa moja tumbukiza rula ndani, soma milimita, kisha mwaga maji. Milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji katika kila mita moja ya mraba. Milimita 10 katika ekari moja ni kama lita 40,000, yaani mapipa 200 ya lita 200. Andika tarehe, andika milimita, na pembeni andika ulichopanda siku hiyo. Siku isiyo na mvua andika 0, usiiruke.