Je, Wajua? Meli Iliyopanda Treni

Je, wajua kwamba kiwanda kinachounda baadhi ya meli kubwa kabisa za watalii duniani ndicho kilichounda Mv. Liemba ya Ziwa Tanganyika? Ni Meyer Werft, cha mji wa Papenburg, Ujerumani. Mwaka 1913 mafundi wake waliiunda meli hiyo, ikiitwa Graf von Goetzen, wakaifungua kipande kwa kipande na kuipakia katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda treni kuelekea Kigoma, na huko meli ikaungwa upya. Iliteremshwa majini Februari 1915.

Yaliyofuata ndiyo yanayonivutia zaidi. Julai 1916, Wajerumani walipozidiwa vitani, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nene isije ikaliwa na kutu. Hawakuwa wameikatia tamaa. Waingereza wakaiopoa 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kwetu Somanda, ziwa la karibu ni Victoria: panda gari la Lamadi, utaiona Ghuba ya Speke. Humo pia hakuna meli kubwa inayoweza kuingia kutoka baharini, maana maporomoko ya Mto Nile yameziba njia. Ndiyo maana Mv. Victoria iliundwa Uskoti, ikaletwa vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza safari 1961. Mv. Mwanza nayo iliundiwa papo hapo Mwanza Kusini, ikateremshwa majini Februari 2023. Ina urefu wa mita 92.6, nafasi ya abiria 1,200 na mizigo tani 400.

Sasa ilinganishe na Icon of the Seas, iliyoundwa Turku, Finland, katika kiwanda kingine cha familia ya Meyer, na kuanza kubeba watalii Januari 2024. Urefu wake ni mita 365, karibu mara nne ya Mv. Mwanza. Ina ghorofa 20, mabwawa 7 ya kuogelea, hata uwanja wa kuteleza kwenye barafu, na hubeba abiria hadi 7,600, mabaharia hawajahesabiwa.

Papenburg yenyewe iko zaidi ya kilomita 30 kutoka baharini. Meli mpya hushuka kinyumenyume katika Mto Ems, ambao ni mwembamba, na lango la Gandersum hufungwa ili maji yapande kwanza. Watu hujaa kingoni kuitazama ikipita.