Sabuni Yetu Ina Nini Ndani?



Siku moja ya soko tuliwakuta kina mama wa kikundi kimoja wakiuza sabuni waliyotengeneza wenyewe. Vipande vilikuwa vizuri, bei ilikuwa ya chini, na watu walinunua. Kisha akaja mama mmoja Mwislamu, akachukua kipande, akakinusa, akauliza: "Mmetia mafuta gani humu?" Kina mama wakatazamana. Mafuta walinunua bucheri, na mwenye bucheri alikuwa amechanganya ya ng'ombe, ya mbuzi na ya nguruwe katika debe moja. Hawakuwa na jibu. Yule mama akairudisha sabuni mezani, akaenda zake. Soko lililofuata, majirani zake pia hawakuja.

Sabuni yenyewe haikuwa mbaya. Kikundi kilipoteza wateja kwa sababu hakikujua kilichomo ndani ya kazi ya mikono yake. Kwa hivyo, kabla ya kununua chochote cha kutia kwenye sabuni, tunawaomba mjiulize maswali manne:

1. Kitu hiki kimetoka wapi?
2. Tukikichukua sisi, nani atakosa?
3. Msimu ujao kitakuwepo?
4. Tunaweza kumwambia mnunuzi bila kuficha?

Mafuta

Sabuni ni mafuta yaliyogeuzwa na soda kali. Mafuta ndiyo sehemu kubwa, kwa hivyo tuanze hapo.

Mafuta ya ng'ombe yanapatikana karibu kila mahali penye bucheri, na mara nyingi hutupwa. Yanatoa sabuni ngumu isiyoisha haraka. Elewaneni na mwenye bucheri awawekee ya ng'ombe peke yake. Yayeyusheni katika maji, yachujeni, yaacheni yagande. Na mnapouza, semeni wazi: hii ni ya mafuta ya ng'ombe. Waislamu na Wasabato hawataki ya nguruwe, na wako watu wasiotaka ya mnyama yeyote. Wana haki ya kujua.

Mafuta ya nazi hutoa povu jingi, ila yakizidi hukausha ngozi. Vikundi vya Kwale na Kilifi vinaweza kuyapata kutoka kwa mbata za jirani. Aliye bara atumie kidogo tu, maana nauli itakula faida yote.

Mafuta ya alizeti hulainisha ngozi, lakini yakiwa peke yake sabuni huwa laini mno. Tena hayo ni chakula. Kama nyumbani mboga inapikwa bila mafuta, si vizuri kuyamimina kwenye ndoo ya sabuni. Afadhali muulize wakaangaji wa chipsi mafuta waliyokwisha kutumia, ambayo wengi humwaga mtaroni. Yakichujwa vizuri yanafaa kwa sabuni ya kufulia.

Mawese je? Mafuta mengi ya kuganda yanayouzwa madukani yametengenezwa kwa mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Huko misitu mikubwa imekatwa ili kupanda michikichi. Hatusemi mtu akiyatumia ametenda dhambi. Tunasema kama bucheri iko hatua mia moja kutoka kwenu, hakuna haja ya kununua mafuta yaliyovuka bahari.

Soda kali

Wako wanaotangaza sabuni "isiyo na soda". Msidanganyike. Sabuni ngumu haipatikani bila soda kali, ile inayoitwa kostiki soda. Ikipimwa sawasawa, yote hugeuka pamoja na mafuta na haibaki kuchoma ngozi.

Magadi ya Ziwa Magadi si soda hiyo. Yakiwa peke yake hayana nguvu ya kugeuza mafuta kuwa sabuni. Maji ya majivu yanaweza, kama wazee wetu walivyofanya, lakini sabuni yake huwa laini kama uji mzito. Ukitaka kujaribu, chukua majivu ya jikoni. Usikate mti kwa ajili ya majivu.

Tafadhali sana: soda kali huunguza na kupofusha. Vaeni glovu na miwani, fanyieni kazi nje, na watoto wawe mbali. Tieni soda ndani ya maji. Msimimine kamwe maji juu ya soda, maana itaruka. Msitumie sufuria za alumini, ambazo ndizo nyingi majumbani mwetu: soda huila alumini na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Tumieni ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha enameli kisichobanduka. Msiiweke kwenye chupa ya maji au ya soda ya kunywa, hata kwa siku moja. Ikimwagikia mtu, aoshwe kwa maji mengi kwa dakika ishirini au zaidi, kisha apelekwe hospitali. Mtoto akiinywa, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali.

Mimea ya porini

Hapa ndipo mabroka huwanasa wengi. Mtu anakuja na mtungi wa utomvu wa mshubiri, au vipande vya msandali, bei rahisi, na hataki kusema ameutoa wapi.

Mishubiri ya porini imeteseka sana, hasa katika sehemu kavu kama Baringo. Mwaka 1986 Rais alipiga marufuku uvunaji wake, na mwaka 2007 serikali ikatoa kanuni za kusimamia biashara hiyo. Msandali nao ulipigwa marufuku mwaka 2007. Mafuta yake yako zaidi kwenye mizizi na shina, kwa hivyo wavunaji huung'oa mti mzima. Ukishang'olewa, hakuna cha kuchipuka. Mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki uliingizwa katika mkataba wa kimataifa unaolinda viumbe walio hatarini. Kikundi kinachonunua vitu hivi gizani kinaweza kupoteza mtaji mahakamani, na mlima wao unabaki mtupu.

Dawa ni kupanda. Alovera ya kawaida hukua hata kwenye mkebe. Kateni majani ya nje, ya katikati yaacheni yaendelee. Kwa harufu na rangi tumieni mchaichai, maganda ya limau, majani ya mkaratusi, mwarobaini au manjano. Kimoja tu kinatosha. Na msiandike kwamba sabuni yenu inaponya magonjwa ya ngozi.

Mfano wa kuanzia

Pimeni kila kitu kwa mizani, hata maji. Kikombe hudanganya.

Mafuta safi ya ng'ombe gramu 700
Mafuta ya nazi gramu 300
Kostiki soda gramu 145
Maji gramu 330

Yeyusheni soda katika maji, iacheni ipoe hadi iwe vuguvugu. Imimineni polepole katika mafuta yaliyoyeyuka na kupoa kiasi, mkoroge mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji. Mimineni katika sanduku la mbao lililotandikwa plastiki. Baada ya siku moja au mbili kateni, mkiwa bado na glovu, kisha vipande vikae wiki nne kwenye hewa kabla ya kutumiwa. Mkibadilisha mafuta, kipimo cha soda hubadilika pia: kilo moja ya nazi hutaka soda nyingi kuliko kilo moja ya alizeti. Msikisie. Na kabla ya kupeleka sabuni madukani, ulizeni ofisi ya KEBS kuhusu alama ya ubora.

Ya kujadili kikundini

Katika mkutano ujao, leteni mezani kila kitu mnachotumia. Kila mmoja achukue kimoja na aseme kimetoka wapi na kwa nani. Kile ambacho hakuna anayeweza kukieleza, kiwekeni kando kwanza. Halafu chagueni mtu mmoja wa kuongea na mwenye bucheri, na mwingine wa kuanzisha kitalu kidogo cha alovera na mchaichai.

Siku mama atakapochukua kipande na kuuliza kuna nini ndani, hata mwanachama mgeni kabisa aweze kumjibu akimtazama usoni.