Muuguzaji Si Mgeni

Saa kumi jioni, kwenye geti la hospitali ya wilaya, watu wamejipanga wanasubiri kuingia. Mama mmoja ameshika chupa ya uji mkono huu, na mkono ule amekumbatia beseni lenye kanga zilizofuliwa. Nyuma yake yuko kijana wa kwaya aliyetumwa na wenzake kutoa pole, kisha jirani anayetaka kumwona mgonjwa kwa macho yake. Siku za kawaida wote watatu huingia. Ugonjwa wa mlipuko ukitangazwa, wote watatu hurudishwa kwa kauli moja: wageni hawaruhusiwi. Kauli hiyo imewatia watu wasiofanana kapu moja, na wagonjwa ndio wanaolipia.

Kiswahili kimewatenganisha zamani. Muuguzi ni mwajiriwa mwenye zamu na sare. Muuguzaji ni ndugu anayekesha na mgonjwa wake. Wote wawili jina lao limetoka katika kuuguza, na katika hospitali zetu nyingi wamegawana kazi bila mkataba wowote. Muuguzi anadunga sindano, anagawa dawa, anapima joto, na usiku huenda yuko peke yake wodi nzima. Muuguzaji anamgeuza mgonjwa kitandani, anamwogesha, anafua shuka, anakimbilia duka la dawa, anamlisha. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga. Lakini lazima awepo mtu wa kukaa na kijiko mpaka bakuli liishe. Ukimwondoa mtu huyo, kazi yake inabaki palepale, haina mwenyewe.

Hata hivyo, hatari ni ya kweli. Virusi vya Ebola vimo katika damu, matapishi na kinyesi, na mgonjwa huambukiza zaidi kadiri anavyozidiwa. Hata akishafariki, mwili wake bado ni hatari. Kumfuta, kumnyanyua, kumwosha, yaani yale yote ambayo upendo hutuagiza, ndizo njia ugonjwa unazopita. Dalili huchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza, hivyo anayeuguza leo anaweza kurudi nyumbani akiwa mzima, akaugulia katikati ya watoto wake. Mhudumu anayemzuia mama asimkumbatie mwanawe mwenye Ebola anamwokoa mama huyo na waliobaki nyumbani.

Lakini kila ugonjwa una njia yake, na katazo lifuate njia hiyo. Kipindupindu hupita kwenye kinyesi, maji na chakula. Kambi za kipindupindu zinazoendeshwa vizuri huruhusu muuguzaji mmoja kwa kila mgonjwa: anaoneshwa ndoo ya maji ya klorini, anafundishwa kunawa, kisha anapewa kikombe cha maji ya chumvi na sukari (ORS) amnyweshe mgonjwa wake usiku kucha. Hapo ndugu ni sehemu ya tiba. Kumfungia nje kwa kanuni za Ebola ni kumpokonya mgonjwa mkono unaomnywesha.

Tazama yaliyotokea Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufariki. Mwanzoni, wengi waliona ndugu yao akipakiwa ndani ya gari na watu waliojifunika uso mzima, kisha wakarudishiwa habari ya msiba. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Chuki hiyo ilikuwa na mizizi mingi: vita vya miaka, na uchaguzi wa Desemba 2018 ulioahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya ugonjwa huo huo. Lakini ukuta wa kituo usioonesha kilichomo ulizidisha mashaka. Machi 2019, Joanne Liu, aliyekuwa rais wa Madaktari Wasio na Mipaka, alieleza kwamba zaidi ya asilimia 40 ya vifo vya Ebola katika eneo hilo vilikuwa vikitokea majumbani, nje ya vituo. Na mgonjwa anayefichwa nyumbani huuguzwa na watu wasio na glavu.

Dawa ya mashaka hayo ilianza kupatikana palepale. Shirika la ALIMA lilipeleka Beni vyumba vya plastiki angavu viitwavyo CUBE. Ukutani kuna mikono ya glavu iliyoshonewa humo, kwa hiyo mhudumu anamtibu mgonjwa akiwa nje, bila lile vazi zito linalomchemsha kwa joto. Ndugu naye anasimama upande wa pili, anaona dripu inavyodondoka, anazungumza na mgonjwa wake uso kwa uso. Kisha wakaajiriwa waliopona Ebola. Miili yao ikiwa na kinga, waliweza kuwabeba watoto waliotenganishwa na mama zao, wakawalisha na kuwabembeleza. Wao ni wauguzaji ambao ugonjwa wenyewe uliwapa ruhusa.

Kwa hiyo kabla ya geti kufungwa, hospitali ijibu maswali manne. Nani atamlisha mgonjwa huyu? Nani atamwosha na kumgeuza? Nani ataipa familia habari kila siku, saa inayojulikana? Na akikaribia kufa, nani wake atamwona, na kwa njia gani? Kila swali lisilo na jina la mtu mbele yake ni pengo ambalo katazo limelifungua.

Basi kijana wa kwaya na jirani warudi nyumbani, waombe, wapige simu. Mama asimamishwe pembeni, aulizwe jina la mgonjwa wake. Kama ni kipindupindu, aoneshwe pa kunawa, aingie. Kama ni Ebola, aelezwe kwamba kitakachoingia hakitatoka tena, uji wake umiminwe katika chombo cha wodi, naye apelekwe mahali anapoweza kumwona mgonjwa wake akiunywa.