Kibanda cha Kazi Kando ya Nyumba Yako

Nyumbani kwako panga hulala wapi? Na mafuta ya taa, na dawa ya kunyunyizia mboga? Usijibu upesi, kwanza inama utazame uvunguni mwa kitanda.

Kwangu vyote vilikaa huko, mpaka siku mtoto wetu wa miaka miwili alipotwaa chupa ya soda yenye mafuta ya taa akanywa. Jirani alitaka kumtapisha, mama yake akakataa, tukakimbilia zahanati. Mganga alisema ni heri hatukumtapisha, maana mafuta yakirudi juu huweza kuingia mapafuni. Alikohoa siku tatu, akapona. Juma lile lile nikaanza kujenga.

Mimi ni karani, si fundi. Haya nimejifunza kwa kukosea.

Egemeza kibanda kwenye ukuta wa nyumba ulio mbali na jiko. Futi 9 kwa 6 zatosha. Mara ya kwanza nilipima pembe kwa jicho, na mlango ukakataa kufunga. Kumbe dawa yake nilifundishwa chuoni! Kutoka pembeni pima futi 3 ukutani, weka alama. Pima futi 4 kwenye kamba ya upande wa pili, weka alama. Kati ya alama hizo sharti pawe futi 5 kamili. Zikizidi au kupungua, sogeza kamba.

Usizike nguzo udongoni. Zisimamishe juu ya mawe na saruji, inchi 6 kutoka chini, ukizifunga kwa bamba la chuma. Hivyo mchwa wakipanda utaona njia zao za udongo, uzivunje mapema.

Sasa meza ya kazi. Simama wima, mikono ining'inie: uso wa meza ufike kwenye kifundo cha mkono. Yangu ina inchi 33. Usisahau ubao wa mshazari kati ya miguu, la sivyo meza itacheza ngoma kila ushikapo randa. Ukipata jiliwa, hata kuukuu, linunue kabla ya msumeno wa pili.

Vyombo vitundike ukutani, na kila kimoja ukichoree umbo lake kwa mkaa. Hata mtoto asiyejua kusoma ataona kwamba patasi haipo.

Mwenye pikipiki, galoni ya petroli usiiweke chumbani mnamolala, wala usiingie nayo kibandani ukishika taa ya moto. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini. Kwa hiyo acha matundu ya hewa karibu na sakafu. Dawa za shamba zibaki katika chupa zake zenyewe, kamwe si za soda, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Ufunguo wetu huning'inia juu ya kizingiti cha mlango. Mama watoto huufikia akinyoosha mkono. Yule mnywaji wa mafuta, ambaye sasa ana miaka sita, amekwisha kujaribu kwa kigoda. Kigoda nacho tumekihamisha.